Ukuta Uliopakwa Jumapili

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufika maadhimisho, na Shangazi alikuwa ameihamisha meza ya mapokezi mara nne tangu asubuhi. Mara iwe karibu na mlango, mara iwe nyuma ya nguzo, mara irudishwe ilipokuwa. Kisha alisimama mbali, mikono kiunoni, akaitazama kana kwamba imemtukana.

"Na wewe," aliniambia bila kugeuka, "historia imefika wapi?"

"Imefika mwaka wa nane."

"Tangu wiki iliyopita iko mwaka wa nane. Huo mwaka una gundi?"

Mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa jumba letu la sanaa. Kazi yangu ni kujua kila picha iliingia lini, ilitundikwa wapi, ilitoka na nani. Shangazi, ambaye ndiye mkurugenzi tangu siku ya kwanza, alitaka maneno mia nne ya kubandikwa mlangoni: miaka thelathini ya jumba, kwa ufupi, bila kumchosha mgeni.

Miaka saba ya mwanzo niliiandika kwa mkupuo mmoja. Babu alikuwa na duka la vioo na fremu. Alipofariki aliwaachia watoto wake wawili, Baba na Shangazi. Baba ndiye aliyekuwa fundi. Wachoraji walimletea kazi zao aziwekee fremu, na wengine hawakurudi kuzichukua, mpaka picha zikajaa chini ya meza, juu ya kabati, hadi chooni. Shangazi wakati huo alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikuja likizo, akakosa pa kukanyaga, akazitundika zote ukutani. Watu waliokuja kukatiwa vioo wakawa hawaondoki. Likizo ilipokwisha Shangazi hakurudi shuleni. Baba alibomoa ukuta wa stoo, wakapata chumba cha pili, na mwaka wa tano wakapata cha tatu. Ubao wa nje ulioandikwa VIOO hawakuutoa, na mpaka leo watu wa mjini wakisema "tukutane Vioo" wanamaanisha kwetu.

Kisha ukaja mwaka wa nane, na kalamu ikagoma.

Mwaka huo palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Vumbi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila chaki kwenye nywele. Alikuwa akichora tangu utotoni. Alimwendea Shangazi akamwambia hataki fremu wala turubai, anataka ukuta. Akapewa ukuta mkubwa wa chumba cha kwanza. Kwa wiki tatu, kila akitoka shule, alimchora kaka yake mkubwa, urefu kamili, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, mguu mmoja umeshaingia ndani. Huyo kaka alikuwa ametoka nyumbani asubuhi moja, miaka minne kabla, kwenda kazini katika kiwanda cha sabuni. Kiwandani hakufika na nyumbani hakurudi. Hakuna aliyejua lililompata.

Ukuta ule ulilitangaza jumba kuliko kitu chochote kabla yake. Magazeti yaliandika. Watu walipanga foleni hadi kona. Makumbusho makubwa ya ng'ambo yaliahidi kutuma wataalamu waje kuutazama. Wiki moja kabla hawajafika, Shangazi alifungua mlango Jumatatu asubuhi akakuta ukuta mweupe pepepe, na Baba ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimeipaka mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimeipaka tu."

Hakuongeza neno siku hiyo, wala mwezi huo, wala miaka ishirini na miwili iliyofuata. Alibeba misumeno yake, akafungua karakana mtaa wa tatu kutoka pale. Yeye na Shangazi wakawa wanakutana kwenye misiba na harusi, kila mmoja pembe yake, na mimi katikati. "Mwambie baba yako." "Mwambie shangazi yako." Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili ilipoanza kazi hiyo, na sijawahi kustaafu.

Vumbi naye alihama mji muda si mrefu baadaye, akapata jina kubwa huko alikokwenda, akafariki akiwa hajarudi, miaka minne sasa. Ya ukuta ule ilibaki picha moja tu ya gazeti, na hata hiyo kichwa cha mgeni mmoja kimeziba uso wa aliyechorwa.

"Njoo," Shangazi aliniambia, akaiacha meza.

Katika chumba cha kwanza, mtaalamu wa kurejesha michoro alikuwa amepiga magoti pembeni mwa ukuta, miwani ya kukuza imemkaa puani. Shangazi alikuwa amemwita kimyakimya. Alitaka maadhimisho yaanze na ukuta ukiwa wazi. Mtaalamu alikuwa amekwangua sehemu ndogo, kama kiganja.

"Kuna rangi juu ya rangi," alisema. "Nimehesabu matabaka kumi na tisa. Lakini la chini kabisa ni kitu kingine, cheupe, kinachotoka unga. Nikikosea dawa, naondoka na mchoro mzima. Lazima nijue aliyepaka alitumia nini."

Shangazi alinitazama.

"Kamuulize baba yako," alisema.

Nilikwenda kwa miguu, karibu nikimbie. Baba alikuwa akikata kona ya fremu, kazi anayoifanya huku akipiga mluzi. Nilipomweleza, mluzi ulikatika.

"Wameshafungua?"

"Pembeni tu. Kama kiganja."

"Wasiguse tena." Aliuweka msumeno chini. Akanawa mikono, akaifuta, akanawa tena. Akaenda mlangoni akatazama barabara, akarudi. "Yule mama yu hai?"

"Mama gani?"

"Mama yake Vumbi. Unamkumbuka?"

Nilimkumbuka nusunusu: mwanamke mwembamba, sweta la buluu mkononi, asiyelivaa.

"Alikuja siku ya ufunguzi amependeza, akawaamkia watu vizuri," Baba alisema. "Kesho yake akarudi peke yake. Keshokutwa tena. Ikawa tukifungua yuko mlangoni, tukifunga ndipo anatoka. Mwanzoni alikaa kimya. Halafu akaanza kumsemesha yule wa ukutani. Anamsimulia habari za mtaani, nani kaoa, nani kahama. Nilimwona, nikasema mwache, mtu na huzuni yake. Siku moja akaja na lile sweta akaniomba nimvalishe mwanawe, eti chumba kina baridi. Nikacheka. Nilidhani ananitania, mwanangu. Nikamtazama usoni nikaona hatanii."

Alichukua kipande cha mbao, akakirudisha palepale.

"Jumamosi ile Vumbi alinijia hapa hapa mjini, karibu na soko. Akasema, mama amewaambia majirani kaka amerudi, amepata kazi Vioo. Ameacha dawa za presha. Anatandika kitanda chake kila jioni. Naomba uifute. Nikamwambia, kazi ni yako, ifute mwenyewe. Akasema, mama akijua ni mimi, nitakuwa nimemwondoa mwanawe mara ya pili, na nimebaki mimi tu wa kumtunza, mimi na mdogo wangu. Lakini wewe akikuchukia, hutapungukiwa kitu."

"Na Shangazi je?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Na dada yangu je? Akasema, dada yako hana kifua." Baba alipuliza unga wa mbao mezani. "Na ni kweli hana. Ukimwambia jambo saa mbili, saa nne unaulizwa na muuza magazeti."

"Ukakubali."

"Nikakubali. Nikamwahidi kutosema mpaka mama yake aondoke duniani. Jumapili jumba lilikuwa limefungwa, nikaingia na ndoo. Jumatatu shangazi yako alinitukana asubuhi, na yule mama akanitukana mchana. Alinipiga kwa lile sweta. Sweta haliumi, lakini… Tangu hapo sijui kama yu hai. Utaulizaje kama mtu amekufa ili upate ruhusa ya kusema?"

Sikulala vizuri, na kulipokucha nilikuwa nimeshafungua mafaili ya mwaka wa nane. Katika fomu ya Vumbi kulikuwa na anwani ya nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa imeuzwa, lakini jirani alinielekeza kwa mdogo wa kike wa Vumbi, fundi cherehani nyuma ya posta, anayeshona sare za shule.

Nilimkuta katikati ya kola nyeupe zilizopangwa kama sahani. Nilijitambulisha: mtoto wa fundi fremu wa Vioo. Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Yule aliyempaka kaka yangu chokaa."

"Ndiye."

"Mama amefariki mwaka juzi," alisema, kabla sijauliza. "Kama baba yako amekutuma kuomba radhi, amechelewa. Baada ya ile siku mama alilia miezi miwili. Kisha akaanza kula, akarudia dawa, akaishi miaka ishirini. Lakini nyumbani kwetu baba yako hakutajwa bila mtu kusonya."

Nilimweleza. Nilieleza ovyo, nikianza mwisho nikirudi mwanzo, na yeye alikuwa akinitazama mdomo kama anayesoma. Nilipomaliza aliendelea kushona. Alishona mkono wa shati upande wa nje, akauona, akaanza kuufumua.

"Vumbi," alisema hatimaye. "Alikaa nasi mezani akamtukana baba yako. Kila siku. Tena yeye alikuwa akitukana vizuri kuliko sisi wote." Alicheka bila furaha, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Miaka yote hiyo. Ndiyo maana alihama?"

"Sijui."

"Wala mimi sijui. Na wa kumwuliza hayupo."

Nilisema tutafanya atakavyo yeye. Ukuta ukibaki mweupe, utabaki.

"Nina watoto watatu," alisema. "Wakiniuliza mjomba wao mkubwa alikuwaje, nawaambia alikuwa mrefu. Ndicho kilichobaki kichwani: mrefu. Picha yake tulikuwa na moja tu, tukaipeleka kituo cha polisi wakati wa kumtafuta, ikabaki hukohuko. Uso umeshanitoka. Ifungueni. Mkishafungua niiteni."

Siku iliyofuata Baba aliingia Vioo kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili, amebeba ndoo na sponji mbili. Shangazi alikuwa chumba cha kwanza. Walisimama wakiwa na hatua tatu tu kati yao.

"Mwambie baba yako viatu vina matope," Shangazi aliniambia.

"Mwambie shangazi yako nimekuja kufungua ukuta."

"Semeni wenyewe," nilisema, na sauti ilinitoka juu kuliko nilivyopanga. "Mimi nimechoka."

Wote wawili walinitazama kama mtoto aliyetukana mbele ya wageni. Kisha Baba alivua viatu, akaanza kusema. Alisema akiutazama ukuta, si Shangazi. Alisema yote: sweta, soko, ahadi, ndoo. Shangazi hakumkatiza hata mara moja, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Miaka ishirini na miwili," Shangazi alisema. "Harusi ya mwanangu ulikaa meza ya mwisho kama mpiga picha. Nimelazwa hospitali wiki tatu umeleta machungwa ukayaacha kwa mlinzi. Kwa ajili ya neno la mtu baki!"

"Nilikuwa nimeahidi."

"Na mimi? Uliniona sina akili?"

"Akili unazo. Kifua ndicho huna."

"Mimi sina kifua? Nani amesema sina kifua?"

Mtaalamu, aliyekuwa ametugeuzia mgongo, alikohoa. Shangazi alitoka nje. Kupitia dirisha nilimwona akienda hadi kwenye nguzo ya taa, akarudi, akaenda tena, akazungumza peke yake akihesabu kitu kwa vidole. Mpita njia alimsalimia, naye akaitikia bila kumwona. Nilidhani amekwenda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti kavu.

"Ulipaka nini?"

"Chokaa na maji. Gundi sikutia."

"Stoo ilikuwa na makopo sita ya rangi nzuri. Kwa nini chokaa?"

"Rangi haitoki," Baba alisema. "Chokaa ukiiosha inatoka."

Shangazi aliketi chini, sakafuni, na gauni lake la kazi. Kisha akanyoosha mkono, akamwambia Baba, yeye mwenyewe, si kupitia kwangu: "Nipe sponji moja."

Ilituchukua siku saba. Mtaalamu alichana matabaka ya juu kwa kisu chembamba, Baba akalowesha, na chokaa ya chini ilipolegea, rangi za miaka yote zikabanduka pamoja, vipande vikubwa, kama utando wa juu ya maziwa. Kwanza kilitoka kiatu. Kisha ukingo wa suruali. Shangazi alikuwa hatulii: anapanda ngazi, anashuka, anaomba kisu, anakirudisha, anauliza saa ngapi. Baba alimwambia aende akahamishe meza ya mapokezi. Akaenda, akaihamisha.

Siku ya nne tulifika kifuani. Kulikuwa na tundu la boliti, kubwa, la kuingia kidole. Nililijua. Ilikuwa mwaka wa kumi na tisa, maonyesho ya sanamu za chuma, ile nzito kuliko zote. Pembeni yake kulikuwa na matundu ya misumari, mengine yamezibwa kwa puti, mengine wazi. Tulikuwa tumetundika vitu mwilini mwa mtu kwa miaka ishirini na miwili. Kila tundu ningeweza kulitajia maonyesho yake na mwezi wake. Begani, picha za mbao za mwaka wa kumi na moja. Shingoni, zile picha za kamera za mwaka wa ishirini na nne. Kwenye shavu msumari mmoja, na mwingine umepita pembeni mwa jicho la kushoto.

"Huu niliupiga mimi," Shangazi alisema. Alikuwa ameugusa ule wa jichoni. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Sikutaka kuuona ukuta huu mtupu, kwa hiyo kila picha kubwa nikawa nasema iwekwe hapa."

Baba alimwondoa mkono taratibu, akaendelea kuosha.

Fundi cherehani alikuja siku moja kabla ya maadhimisho, amesahau kuitoa futi ya kupimia shingoni. Baba alipomwona alirudi nyuma hadi akagusa ngazi. Yule dada alimpita bila kumsalimia, akasimama mbele ya ukuta. Alisimama hivyo mpaka mtaalamu akatoka kutupisha. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, amechoka kidogo na anakaribia kutabasamu, kama mtu anayejua amechelewa na atasemwa.

"Masikio si yake," alisema.

Tulitazamana.

"Haya ni ya marehemu baba yetu. Vumbi alisahau masikio, akaweka ya baba." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha yashuke. Kisha alimgeukia Baba. Nilidhani atamshukuru. "Mama alikuchukia mpaka mwisho," alimwambia. "Siwezi kukubadilishia hilo."

"Najua," Baba alisema.

"Lakini alikula. Nilitaka ujue alikula."

Mtaalamu aliporudi akauliza kuhusu matundu, Shangazi alisema yazibwe yote yapakwe rangi, Baba akasema yaachwe. Walianza kubishana palepale. Yule dada aliwasikiliza kidogo.

"Zibeni la jichoni," alisema. "Hayo mengine mtajua wenyewe."

Maadhimisho yalipita, na watu walikuja wengi kuliko foleni ya mwaka wa nane. Mwaka huo niliuandika usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa sentensi tatu, na Shangazi akazipitisha bila kugusa herufi. Yeye na Baba hawajapatana kama watu wanavyopatana kwenye hadithi. Baba huja Jumanne na Ijumaa, wanagombana kuhusu taa na upana wa fremu, na mara nyingine Shangazi hukumbuka ile harusi akamnunia siku nzima. Mimi sitwikwi tena ujumbe wa mtu.

Ila Baba hakutulia. Yule dada alirudi Jumatano baada ya maadhimisho, akakaa saa mbili. Alhamisi akarudi. Baba aliposikia aliiacha karakana, akaja kusimama nyuma ya nguzo akimchungulia, akininong'oneza: anaongea naye? Amekuja na kitu mkononi? Ijumaa hakuja. Jumamosi Baba alipita mara tatu kuuliza. Wiki nzima alikuwa akitazama mlango kila unapofunguka, na fremu mbili alizikata fupi.

Mwisho wa mwezi yule dada alikuja na watoto wake watatu. Baba alikuwa juu ya ngazi, hakushuka. Watoto walimtazama mjomba wao kwa zamu. Mkubwa alijipima, mgongo ukutani, akakuta kichwa chake kinafika begani mwa yule wa ukutani. Wa kati aliuliza kama tundu la kifuani ni risasi, na mama yake akamwambia hapana, ni boliti. Mdogo alisema ana njaa. Walikaa dakika kumi, labda kumi na mbili, kisha mama yao akawahesabu kichwa kwa kichwa, akaniaga, akawatoa nje kuelekea sokoni. Baba aliwafuata kwa macho mpaka walipokata kona, ndipo akaomba nimpe bisibisi.